Nilivyomfuata Nyundo hadi Mabira

Wengi wenu mmeniuliza kwenye kundi nini hasa kilitokea, nami nimekuwa nikijibu nusu nusu, mara "tumshukuru Mungu," mara "ni hadithi ndefu." Sasa nimekaa. Mvua imewazuia wateja, cherehani nimeifunika, na nadhani nikiyaandika yote kwa mkupuo mmoja huenda nitaacha kuyarudia kichwani. Habari za nauli naziruka. Hazimsaidii mtu.

Kayanga, kabla ya kuondoka

Kwa walioingia kundini juzi: sisi ni watu wa anime, katuni za Kijapani, na ugomvi wetu mkubwa umekuwa mmoja. Mpiganaji mwenye nguvu za mwili tu, asiye na kipaji kingine chochote, je, anaweza kuukataa uwezo maalumu wa mpinzani wake? Katika katuni tuliyokuwa tukiifuatilia kulikuwa na jitu la ngumi tulilolipa jina la Jabali, na mwanamke tuliyemwita Bibi Usingizi. Huyo bibi akiimba huku kafumba mdomo, kila anayemsikia huanguka akalala. Jabali alimsikia, akayumba, akakaza shingo, akaendelea kupigana.

Nyundo, mwenzetu wa Mabira, alisema huo ndio ushahidi. Nguvu ikipita kiwango, hakuna uwezo unaoishika. Alitoa mfano wa chumvi: kijiko kimoja kinaharibu kikombe cha chai, lakini kitupe ziwani uone. Mimi nilimjibu kwamba aliyetunga katuni amedanganya. Kubeba mlima ni jambo moja na kusikia wimbo ni jambo jingine, masikio ya mbeba mlima ni masikio tu. Tulibishana hivyo muda mrefu bila kuonana hata siku moja. Yeye alikuwa Nyundo, mimi nilikuwa Kivuli, na hakuna aliyejua jina halisi la mwenzake.

Siku ile nilikuwa nashona sare za shule, pini nimezibana mdomoni, sauti yake ikaingia kundini. Mnaikumbuka.

"Kivuli, leo nakupa ushahidi usio wa katuni. Wiki kadhaa zilizopita mbwa wa watu aliingia zizini kwetu anatoka mate, akaniuma mguu. Nikampiga teke moja tu. Kesho yake nasikia amekufa. Na mimi huyu hapa, nakunywa maziwa. Nguvu, ndugu yangu, nguvu!"

Mlicheka wote. Niliona zile nyuso za kucheka zikipanda moja juu ya nyingine, nami nikatoa pini mdomoni taratibu, nikaziweka mezani. Mbwa yule hakufa kwa teke, alikufa kwa kichaa cha mbwa. Nikiwa shule ya msingi, jirani yetu Jovitha aliumwa na mbwa wa namna hiyo. Sitaandika jinsi alivyoondoka. Nitasema tu kwamba kidonda kilikuwa kimeshapona, na alikuwa ameanza tena kuruka kamba na sisi.

Nilimwandikia Nyundo aende hospitali leo hii. Akajibu, "Wewe na Bibi Usingizi wako." Nikapiga, hakupokea. Jioni simu yake haikupatikana, na asubuhi vilevile. Nilichokuwa nacho mkononi ni jina la Mabira na picha aliyowahi kututumia ya fahali wake, mwekundu, pembe ndefu, moja imejikunja kwa ndani. Nikafunga duka.

Omurushaka, gari lisilojaa

Kutoka Kayanga hadi Omurushaka ni karibu, nilifika umande haujakauka. Hapo safari ikalala. Gari la kwenda Nkwenda lilikuwa na dereva, lilikuwa na mafuta, halikuwa na watu. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Nilimwambia dereva nina haraka.

"Hata mimi nina haraka, dada," alisema, akiendelea kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. "Ila haraka yangu inasubiri abiria."

Abiria wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo, Mama Koleta, mwenye ndoo ya senene, wale panzi wa kwetu, wa kukaanga. Alikaa karibu yangu, akanitazama uso, akashuka hadi kwenye mkoba wangu, akarudi usoni.

"Unaenda wapi, mwanangu?"

"Mabira, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui."

"Jina lake?"

"Jina lake halisi silijui. Tunamwita Nyundo."

Abiria wengine waliokuwa wameanza kuingia wakageuza vichwa.

"Mlikutana wapi?"

"Kwenye simu."

"Na anajua kwamba unakuja?"

"Simu yake haipatikani."

Mama Koleta aliweka mkono kifuani. "Huwa wanazima," alisema polepole. "Wakishamaliza yao, wanazima."

"Hapana mama, siyo hivyo. Ameumwa na mbwa."

"Ndivyo alivyokudanganya?"

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma alikohoa kicheko ndani ya kofia yake. Nilitaka kueleza, lakini mambo haya ukianza na mbwa inabidi urudi kwa Jabali, na ukirudi kwa Jabali unaonekana umechanganyikiwa. Mama Koleta alifunua ndoo, akanimiminia senene kwenye karatasi, hakutaka kusikia habari ya kulipwa.

"Kula. Sasa hivi huli peke yako."

Nilikula. Walikuwa na chumvi na kitunguu, wamekaukia vizuri. Niliona aibu kwamba nina wasiwasi kiasi kile na bado wananikolea. Gari lilipoondoka nilikuwa nimemaliza karatasi nzima, na njia yote mama yule alinipa mafunzo ya namna ya kuzungumza na wakwe.

Songambele, mvua

Nkwenda nilichukua bodaboda. Dereva aliitwa Projestus, mtu mzima mwenye watoto, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri kwao, na alikuwa na tabia ya kuvuma sauti ya besi kila pikipiki ilipopanda kilima. Tulipofika Songambele mbingu ikafunguka. Tukakimbilia kibarazani kwa stoo moja ya kahawa iliyokuwa imefungwa.

Mimi siwezi kusubiri nimekaa. Nilitembea kutoka nguzo hii hadi ile, nikijaribu namba ya Nyundo, nikisikia sauti ile ile ya yule dada wa mtandao.

"Dada," alisema Projestus, "ukitembea mvua haioni."

Basi nikamweleza. Nilimweleza yote, pamoja na Jabali, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi, kisha akauliza:

"Huyo Jabali, usiku analala?"

"Analala."

"Basi usingizi unamweza tangu zamani. Kilichobaki ni nani ameuleta."

Nilisimama. Ubishi wetu wote ule, na hakuna aliyewahi kuliuliza hilo. Nilifurahi, nikataka kulituma kundini pale pale, lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Ila niliwahi kuwa utingo wa lori. Dereva wetu alikuwa mwembamba, ukimpuliza anaanguka. Tukipita porini alikuwa anaukataa usingizi hadi tufike. Hakuwa na misuli, alikuwa na woga. Alikuwa na watoto." Akavuta koti lake la mvua. "Labda Jabali naye aliogopa kitu."

"Nyundo haogopi kitu."

"Hiyo ndiyo shida yake, dada."

Mvua ilipopungua njia ilikuwa uji. Tulianguka mara moja polepole, kama watu wanaokaa chini kupumzika, na mara kadhaa nilishuka kusukuma. Kila tulipokwama nilimwona Jovitha na kamba yake. Nikasukuma kwa hasira hadi Projestus akaniomba nisimwangushie pikipiki.

Kamuli, Nyundo mwingine

Kamuli tulisimama dukani kuuliza.

"Nyundo?" muuzaji alisema. "Nyundo tunaye. Shuka na hiyo njia ya migomba, nyumba yenye mabati mekundu."

Sikuamini bahati yangu. Nilishuka karibu kwa mbio. Uani palikuwa na bibi mmoja mnene ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Namtafuta Nyundo. Nina shida naye ya haraka. Ni jambo la uhai."

Alinitazama usoni, akanitazama tumboni, akaweka ungo chini bila kumwaga hata punje.

"Nyundo!" aliita kuelekea ndani. "Toka! Njoo uone zile safari zako za Bukoba zimekuletea nini!"

Akatoka mzee mwenye ndevu nyeupe na penseli sikioni. Fundi seremala. Nilimwamkia, naye badala ya kuitikia akavaa miwani, akanikazia macho, na nikaona kabisa kwamba anajaribu kunikumbuka na anaogopa asije akanikumbuka.

"Siyo huyu!" nikasema. "Mama, samahani, siyo huyu. Wangu ni kijana."

Yule bibi, Mama Leokadia, alitutazama kwa zamu, kisha akacheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Mzee hakucheka hadi alipohakikisha kwamba mkewe amecheka kweli. Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kuondoka. Nilisema nina haraka, wakasema ndizi ziko jikoni. Nilisema Projestus ananisubiri, wakamwita Projestus. Tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile punje kavu anazopewa mgeni, kisha ndizi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba, mvuke unatoka. Kila tonge nililokula nililiona linanichelewesha, na mama yule akaniongezea.

Nilimwonyesha mzee picha ya fahali kwa sababu tu sikuwa na kingine cha kufanya na mikono. Alivua miwani, akasogeza simu puani.

"Huyu namjua."

"Kijana?"

"Ng'ombe. Huyu ni Bihogo wa kwa Mzee Byamungu, Mabira, kule mbugani. Niliwatengenezea lango la zizi. Alilivunja wiki ile ile niliyolifunga." Alisema hivyo kwa heshima, kama anayemtaja mtu mkubwa. "Huyo siyo ng'ombe. Huyo ni tingatinga."

Nilitaka kuondoka pale pale. Projestus alikataa katakata kuingia njia ile jua likizama na mvua imenyesha, na Mama Leokadia alikuwa ameshatandika. Nilijilaza. Kulala sikulala.

Mabira

Asubuhi migomba ilianza kupungua, nyasi zikafunguka pande zote, na njia ya pikipiki ikawa njia ya ng'ombe. Boma la Mzee Byamungu lilionekana kutoka mbali. Mama mmoja alikuwa ameketi mlangoni anasukasuka kibuyu cha maziwa mapajani. Nilimwamkia, nikauliza kama hapa kuna kijana anayejiita Nyundo.

"Audax?" Kibuyu kilisimama. Akanitazama, kisha akainuka akanipokea mkoba kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuja kwa hatua, kikichanganyika na Kinyambo. "Mwanangu, umefanya vizuri kuja hapa nyumbani. Wengine wanaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Mama, siyo..."

"Mama wee! Audax! Njoo! Umefanya nini tena?"

Akatoka nyuma ya nyumba. Ndugu zangu, Nyundo ni mtu. Mabega yale hayaingii mlangoni bila kupinda. Alikuwa na ndoo ya maziwa katika kila mkono, na alizibeba kama unavyobeba vikombe.

"Karibu, dada. Wewe ni nani?"

"Kivuli."

"Kivuli yupi?"

"Wa Bibi Usingizi."

Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kana kwamba Kivuli mwenyewe, mwanamume, atachomoza kwenye nyasi. Halafu akaweka ndoo chini, akashika nguzo ya nyumba, akacheka hadi paa likatikisika. Mama yake aliuliza, "Bibi nani?"

"Simu yako je?" niliuliza.

"Imezama kwenye ndoo ya maziwa. Kivuli ni mwanamke! Subiri kundi lisikie!"

"Nionyeshe mguu."

Akapandisha suruali. Kovu lilikuwa nyuma, kwenye shavu la mguu, kavu, jeusi, dogo kuliko nilivyolibeba kichwani njia nzima.

"Unaona? Kimepona."

"Kidonda kimepona. Sikuja kwa ajili ya kidonda."

"Umetoka Kayanga kuja kunishinda ubishi?"

"Nimetoka Kayanga ili uende ukachomwe sindano. Kile kitu kinatembea mwilini polepole. Kikishafika kichwani hakuna dawa. Hakiulizi una kifua gani."

"Na nani atachunga?" Alikuwa bado anatabasamu, akanisukumia kigoda. "Kaa, unywe maziwa kwanza. Mtu mzima anashughulika na mkwaruzo wa mbwa..."

Ndipo sauti ikatoka zizini. Nimekulia karibu na ng'ombe, sijawahi kusikia mlio ule. Ulikuwa mkavu, umekatika katikati, kama mtu anayeita jina na kulisahau. Tabasamu likamtoka.

"Ni Bihogo," alisema. "Hali kitu tangu juzi. Tumempa dawa ya homa ya kupe, wapi. Baba anadhani kuna kitu kimemkwama kooni."

"Mbwa alimuuma na yeye?"

"Puani. Si ndiyo nilikuwa namng'oa mbwa kwenye pua yake, ndipo akanigeukia mimi."

Tulikwenda zizini. Mzee Byamungu, mrefu na mkavu, alikuwa amesimama nje ya uzio wa miiba na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia bila kuondoa macho ndani. Bihogo alikuwa peke yake. Ng'ombe wengine walikuwa wamejisogeza upande wa pili. Mate yalimning'inia kama kamba hadi chini. Nyuma alikuwa anayumba.

"Jana nilimtia mkono hadi hapa," mzee alisema, akigusa kiwiko. "Sikukuta kitu."

Mkono wenyewe ulikuwa umechanwachanwa na miiba ya boma.

"Na mimi pia," alisema Audax. "Ngoja niingie nimshike pembe, nimnyweshe mwenyewe. Mimi nikimshika hachezi."

Alikuwa ameshapandisha mguu kwenye uzio. Nilimkamata shati kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Mimi ni mwepesi, angeweza kunikokota hadi ndani bila kuhisi. Hakunikokota. Alisimama hivyo hivyo, mguu mmoja juu.

Bihogo alikwenda mwenyewe kwenye hori la maji. Akainamisha kichwa, akatia mdomo, na shingo ile yote ikakakamaa. Maji yakatoka kama yalivyoingia. Akajaribu tena. Kisha akageuka, akalikimbilia lango, akalipiga kwa paji la uso. Mbao zilipasuka. Mzee akarudi nyuma, mama akapiga kelele huko nyuma yetu. Kabla hajavuka, miguu ya nyuma ikamkunjika, akakaa chini kama mbwa. Akainuka kwa ile ya mbele, akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akaanza kuisukuma. Aliisukuma tu. Nguzo ikapinda.

"Bado ana nguvu," alisema Audax.

Bihogo akaisukuma nguzo tena.

"Nguvu zote anazo," alisema tena, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Akashusha mguu kutoka kwenye uzio, polepole, akanigeukia. "Sindano ziko wapi?"

Kurudi, na mto wa bondeni

Niliomba sabuni na maji. Niliwaosha baba na mwana mikono hadi mzee akauliza kama nataka kumchubua. Mama Audax nilimwuliza na kumwuliza tena kama alimgusa yule fahali, akaapa hakumgusa. Jirani akaahidi kulinda zizi na kumwita mtaalamu wa mifugo. Tukaondoka na pikipiki mbili, mzee nyuma ya jirani mwingine, mimi na Audax tukimlemea Projestus, ambaye safari hii hakuvuma besi hata kilimani.

Bondeni kijito tulichokivuka asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo kilikuwa kimejaa mvua ya huko juu na kubeba udongo wa mashamba ya watu. Madereva walizima. Projestus alisema tungoje yapungue. Nilianza kutembea, kwenda na kurudi.

Audax alivua viatu. Alimchutamia baba yake, akambeba mgongoni, akaingia. Maji yalimfika kiunoni. Alirudi, yeye na Projestus wakainua pikipiki, wakaivusha, wakarudia ya pili. Kisha akanijia mimi. Nilimwambia najua kuogelea, ambayo ni uongo, akaniweka begani kama gunia la kahawa na kunishusha upande wa pili nikiwa mkavu.

Pale ndipo alipokaa kwenye jiwe akavaa viatu, na nikamwona anajikuna. Pale pale kwenye kovu.

"Kunawasha?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi." Aliacha kujikuna, akaficha mkono kwapani. "Au tangu uliponiambia. Sijui."

Baba yake alikuwa anatutazama. Sikuuliza tena.

Kituo cha kwanza tulichofika hawakuwa na chanjo. Nesi wa pale alitoka nje na simu yake mwenyewe, akapiga huku na kule hadi akapata hospitali upande wa Karagwe iliyokuwa nayo, akatuambia tusisimame njiani. Hatukusimama. Tuliziacha pikipiki hapo tukapanda gari, nalo ndilo lililosimama lenyewe mara mbili, mara moja kwa ajili ya mbuzi na mara moja kwa sababu dereva alikutana na shemeji yake. Nilishuka nikamwambia shemeji maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kwenye benchi

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisikiliza habari ya mbwa, ya fahali, ya mikono kinywani. Alisema wamechelewa lakini hawajachelewa kabisa, maadamu hakuna dalili. Audax akamwambia kuhusu muwasho. Yule daktari hakushtuka usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Alimpima joto, akambonyeza mguu, akamtaka ameze mate. Kisha akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akampa.

Audax alikishika. Kikombe kilikuwa kidogo sana katika kiganja kile. Baba yake alitazama ukutani. Mimi nilitazama koo la Audax.

Akanywa. Akanywa yote, akageuza kikombe chini juu kutuonyesha.

"Muwasho siwezi kukuambia ni nini," alisema daktari. "Nakuchoma, halafu tunasubiri. Utarudi kila nitakapokwambia, hata ukijisikia mzima."

Wakachomwa wote wawili. Tulikaa kwenye benchi nje, mzee katikati. Baada ya muda mzee akauliza Jabali ni mtu wa wapi, maana amemsikia akitajwa njia nzima. Audax akamweleza kwa Kinyambo, kwa mikono, hadi kwenye wimbo wa Bibi Usingizi. Mzee alifikiri.

"Na huyo bibi akiugua koo?" aliuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Tulicheka, kicheko cha watu waliochoka. Kisha Audax akasema bila kunitazama, "Nikimwangalia Bihogo pale nguzoni, Kivuli, nilikuwa nasubiri. Nilijua atashinda. Hadi mwisho nilijua."

"Najua."

"Ila Jabali bado nasema alishinda kwa nguvu. Katuni ni katuni."

"Hakushinda kwa nguvu."

"Alishinda."

"Alikuwa anaogopa kitu," nilisema. "Nenda kaitazame tena."

Alikuwa amefumba macho, na mkono wake mkubwa ulikuwa juu ya goti la baba yake.

Baada ya hapo

Walikaa kwa kaka yangu Kayanga hadi sindano zikaisha. Bihogo alikufa siku ile ile tuliyoondoka. Majirani wengine walitaka nyama, wakanung'unika sana walipokatazwa. Mama Audax alikaa na fimbo pembeni ya shimo hadi udongo ulipojaa. Mtaalamu wa mifugo alichanja mbwa wa kijiji, na hakuna ng'ombe mwingine aliyeugua hadi leo. Muwasho ulikaa siku chache ukaondoka kimyakimya.

Daktari alituambia kwamba kitu hiki kinaweza kujificha miezi, kwa hiyo sikupumzika. Nilimpigia Audax kila asubuhi kabla sijafungua duka. Mwanzoni alipokea kwa utani, baadaye kwa kero. Aliniambia mama yake ameshaanza kuuliza mahari. Niliendelea kupiga. Nilikuwa nikisikia sauti yake tu, naanza kushona.

Leo asubuhi umeme ulikatika, simu ikawa haina chaji, nikasahau. Nilishona pindo la sketi, nikala muhogo, nikaongea na mteja habari za harusi yake, na sikukumbuka. Umeme uliporudi nikawasha simu, ikaita pale pale mkononi.

"Mbona hukupiga?" Audax alisema. Alikuwa anahema. "Umeumwa? Uko wapi? Nimepiga tangu alfajiri!"

"Nipo," nilisema. "Nilisahau."

Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakitolewa zizini, na baba yake akiwaita mmoja mmoja kwa majina.

"Vizuri," alisema hatimaye. "Basi sahau na kesho."